Gombe, Mahale au Katavi: ukiwa Kigoma au Tabora uanzie wapi

Likizo ikikaribia maswali yanakua yaleyale, kaka hivi Gombe na Mahale ipi kali zaidi, dada nina wageni wangu wa siku tatu niwapeleke wapi, na tangu lami ya Tabora mpaka Mpanda ikamilike watu wa Tabora nao wameanza kuulizia Katavi. Mi nakaa Kigoma na nina ndugu Tabora, na hizi hifadhi naziendea kwa usafiri wa kawaida, boti ya abiria, treni, basi, sio ile ndege ndogo ya watalii, kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu anayedunduliza hela yake na anataka ajue inaishia wapi kabla hajaitoa mfukoni.

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzo. Gombe na Mahale ndo hifadhi za sokwe, zote ziko kando ya ziwa Tanganyika. Kama una siku chache na mko mmoja au wawili, nenda Gombe. Kama una siku tano kwenda juu na mmepatikana watu sita mpaka kumi wa kuchangia boti, nendeni Mahale bila kusitasita, kwangu mimi hamna hifadhi inayoifikia Tanzania nzima. Kama mna gari na watoto na mnataka kuona simba na tembo, Katavi. Sasa nieleze kwa nini, maana watu wengi wanachagua kwa picha walizoona kwenye simu alafu wanakuja kukwama njiani.

Wengi wanaanza kwa kuulizia kiingilio. Kwa Mtanzania kiingilio sio kinachoumiza, unalipa kwa shilingi, unaonyesha kitambulisho, na malipo yanapita kwa namba ya malipo kwenye simu au benki, keshi mkononi hawapokei. Ukiwa na mgeni wa nje hapo ndo hesabu inabadilika, viwango ambavyo TANAPA, yaani shirika la hifadhi za taifa, wamevitumia kwa miaka kadhaa ni dola 100 Gombe, dola 80 Mahale na dola 30 Katavi kwa kila masaa 24, bado VAT ya asilimia 18 haijaingia. Kwa hiyo mgeni anayelala Gombe usiku mbili analipa mara mbili, mwambie mapema asije akakununia getini. Ila kwa sisi wenyeji mzigo wote uko kwenye usafiri, na kwa Gombe na Mahale usafiri maana yake ni ziwa. Ndani ya hizo hifadhi mbili hamna barabara ya gari, hamna bodaboda, unafika kwa maji na ukishashuka ni miguu yako tu.

Gombe iko kama kilomita 16 tu kaskazini mwa Kigoma mjini. Boti za abiria zinatokea Kibirizi, jirani na mji wa Kigoma, mchana, zinaelekea Mwamgongo na kwingine mpaka Kagunga kule mpakani na Burundi, na zinapita mbele ya Kasekela ambako ndo kituo cha hifadhi, wewe unamwambia nahodha mapema kabisa kwamba unashukia Gombe. Ni boti ndefu za mbao, watu wamekaa kwenye kingo na kwenye mbao zilizolazwa kukatiza, katikati kuna magunia ya unga, kreti za soda, madumu ya mawese yaliyorudi matupu, godoro limekunjwa limefungwa kamba, na mama amempakata jogoo kama mtoto. Haitoki mpaka ijae. Alafu inashika kila kijiji, mtu anavua viatu anashuka maji ya magoti, mzigo unapokelewa kichwani, inasogea tena, kwa hiyo hizo kilomita 16 zinaweza zikala masaa matatu au zaidi na hamna anayelalamika. Nauli ni ya mwananchi wa kawaida kabisa. Mi naipenda hii boti kuliko ya kukodi, unafika Gombe ukiwa umeshajua bei ya dagaa wabichi na nani kafiwa kijiji cha Mtanga.

Ila hapa kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi. Boti inakufikisha Gombe jioni, sokwe huwezi kuwafuata muda huo. Na boti ya kurudi Kigoma inapita asubuhi mapema, yaani kabla hujaenda porini. Kwa hiyo kwa boti ya abiria lazima ulale usiku mbili, unafika leo jioni, kesho unashinda na sokwe, keshokutwa alfajiri unadaka boti ya kurudi. Anayekuambia Gombe ni ya kwenda na kurudi anaongelea boti ya kukodi, mnaondoka Kigoma alfajiri, baada ya saa moja au masaa mawili hivi mmefika, jioni mnarudi. Boti ya kukodi inalipiwa boti nzima na mafuta yake, sio kwa kichwa, mkiwa wawili inauma, mkiwa wanane inakua ya kawaida. Na Jumapili boti za abiria usizitegemee.

Mahale ni habari nyingine. Iko kusini, zaidi ya kilomita 120 kutoka Kigoma mjini, na boti ya kasi yenye injini nzuri inachukua masaa manne mpaka matano ziwa likiwa limetulia, boti ya mbao inaweza ikala siku nzima au usiku kucha. Zamani ilikua rahisi, unapanda MV Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande kwenye masanduku, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 wasiiache kwa adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ilikua inakushusha Lagosa usiku, mitumbwi inakuja kuipokea katikati ya maji, unashuka na begi lako gizani na watu wanapigiana kelele kwa Kiha na Kitongwe. Liemba imekaa miaka mingi bila kutoa huduma ikisubiri matengenezo, kwa hiyo ukikuta mtu anakupangia safari ya Mahale kwa Liemba kwa kutumia kitabu cha zamani, kwanza piga simu bandarini Kigoma uulize.

Kuna njia ya nchi kavu pia. Ama upite Simbo na Ilagala, unavuka Malagarasi pale, unashuka na vijiji vya ziwani kuelekea Buhingu, ama uje na treni mpaka Uvinza ukamate gari hapo, ukifika Buhingu au Lagosa unaingia boti kwa kipande kilichobaki mpaka Bilenge ambako ni makao makuu ya hifadhi. Ni njia ya vumbi, kiangazi unafika mwekundu kichwa mpaka miguu na masika inakua tope la kusukuma gari. Nafuu yake ni kwamba inapunguza sana gharama ya boti. Kwa kikundi cha watu wanne wenye muda, mi ningewashauri hii njia mwezi wa saba au wa nane, mwezi wa tatu hapana kabisa.

Kitu kimoja kuhusu ziwa nikiseme kwa herufi nzito maana naona watu wa Dar wanakuja wanalichukulia poa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, kwa kina duniani inatanguliwa na Baikal peke yake, na kiangazi upepo wa kusini unapiga mpaka mawimbi yanaficha boti ya mbele yako. Nahodha akisema leo ziwa limechafuka hatuondoki, usimbembeleze, usimuongezee hela, kaa chini kula migebuka, samaki wa humuhumu ziwani, usubiri. Na kabla ya kulipia boti yoyote ya kukodi angalia maboya ya kuvaa, yawe mazima na yatoshe watu wote, na uulize kama kuna injini ya akiba. Boti ya kwenda Mahale bila injini ya akiba mi siipandi.

Haya sasa sokwe wenyewe, maana ndo kinachokupeleka.

Gombe ndogo. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 60, ni kipande cha milima iliyokatwa na mabonde yanayoshuka mpaka ziwani, na sokwe wake wote kwa jumla ni karibu mia. Udogo wake ndo faida yako, wafuatiliaji wanatoka alfajiri kuangalia walipolala, wanapeana taarifa kwa redio, na kundi la Kasekela limezoea watu kuliko sokwe wengine wowote, kwani limeangaliwa tangu mtafiti Mwingereza Jane Goodall aliposhuka hapo ufukweni tarehe 14 Julai 1960 akiwa binti wa miaka 26. Amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91 na kazi yake bado inaendelea, kila siku kuna Watanzania wanaandika nani kala nini na nani kalala na nani, wengi ni watoto wa vijiji vya jirani hapohapo. Ukipata muongozaji mzee kidogo muulize ukoo. Familia zinaitwa kwa herufi, ya F ndo ya bibi Flo na binti yake Fifi, akina Freud na Frodo waliowahi kutawala kundi, ya G ni ya Gremlin aliyelea mapacha Golden na Glitter waliozaliwa 1998, jambo ambalo kwa sokwe wa porini ni adimu sana. Ukishajua huyu ni mjukuu wa nani unaacha kuangalia mnyama, unaangalia ukoo, ni raha ya aina yake ambayo Mahale huipati kwa kiwango kile.

Mahale kubwa, kilomita za mraba 1,613, mlima Nkungwe unafika mita 2,462, na msitu unashuka mpaka kwenye mchanga mweupe. Utafiti ulianza mwaka 1965 na Mjapani Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, zaidi ya miaka hamsini Wajapani na Watongwe wa pale wametembea pamoja kwenye njia zilezile. Sokwe wako mamia lakini kundi lililozoea watu ni lile wanaloliita kundi la M, na ndo utakaloenda kuliona. Kwa kua ni wengi, siku ukiwakuta wamekusanyika kwenye mti ulioiva matunda unasikia msitu mzima unapiga kelele, dume anapiga mizizi ya mti kwa miguu kama ngoma, watoto wanaanguka wanacheka, na wewe umesimama hapo kati umevaa barakoa unasikia moyo wako unadunda.

Kitu kinachonifanya niwaambie watu siku moja muende zote mbili ni kwamba tabia hazifanani. Gombe wanavua mchwa, sokwe anachukua kijiti anakitoa majani, anaingiza kwenye kichuguu, anasubiri, anavuta polepole, mchwa wamekiuma, anawapitisha mdomoni. Hicho ndo kitendo cha yule dume aliyeitwa David Greybeard mwaka 1960 kilichofanya wanasayansi wabadilishe mawazo, maana kabla ya hapo walifundisha kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Msimu mzuri wa kukiona ni mvua za kwanza, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Mahale kundi la M wanavua chungu wa juu ya miti, wamekaa kwenye tawi na kijiti chembamba. Gombe wanachovya fimbo kwenye siafu, Mahale hawafanyi. Na hili watu wa Kigoma mtalipenda, sokwe wa Gombe wanakula chikichi kama sisi, anang'oa tunda la mchikichi anatafuna mpaka mdomo unang'aa mafuta, wakati wa Mahale michikichi wanayo na hawaigusi.

Alafu kuna ile ya mikono. Mahale wakichambuana manyoya, wawili wanakaa wanaangaliana, kila mmoja anainua mkono mmoja juu, wanashikana viganja au vifundo juu ya vichwa vyao kama wanaezeka paa, na kwa mkono ulio chini kila mmoja anamchambua mwenzake kwapani, taratibu, midomo inatoa mlio mdogo wa kubofya. Kasekela hawana desturi hiyo. Ni aina moja ya sokwe, ziwa moja, na wamelelewa tofauti. Ukiiona ana kwa ana, mita kumi mbele yako, utaelewa kwa nini nasema Mahale inalipa uchovu wote wa njia.

Kwa upande wa kutembea, msidanganywe kwamba Gombe ndogo basi ni rahisi. Mabonde ni ya wima, unapanda umeshika mizizi, na sokwe wakiamua kupanda mgongo wa mlima mnapanda nao. Mahale njia za chini za msitu wa Kasoge ni afadhali kidogo hasa mwisho wa kiangazi wanapokua karibu na ziwa, lakini siku mbaya mnatembea masaa matano. Mtu mwenye magoti mabovu nisingempeleka kwenye yoyote kati ya hizo, nitampeleka Katavi akae kwenye gari. Kote muda wa kukaa na sokwe ukishawapata ni saa moja, vikundi ni vidogo, na umbali ni mita kumi japo wao wenyewe hawajui hiyo sheria, anaweza akapita jirani na goti lako, wewe unasogea pembeni unanyamaza.

Na tafadhali, ukiwa na mafua usiende. Sisemi kwa adabu tu. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu na hawana kinga nayo, mwaka 1966 polio iliingia Gombe ikaua wengine na kulemaza wengine, na mwaka 2006 Mahale kundi la M lilipata ugonjwa wa kifua kutokana na kirusi cha binadamu na wengine wakafa. Sokwe jike anazaa mara moja kila miaka mitano hivi, kundi likipoteza wachache tu pengo linakaa miaka. Kama umelipia na asubuhi umeamka unakohoa, sema, baki kambini uogelee pale askari watakapokuonyesha pako salama. Najua inauma kwa sababu hela imeshatoka, lakini ukikohoa mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni unaweza ukawa umemaliza ukoo.

Majira nayapitia haraka. Kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa kumi, ni kizuri kwa zote tatu. Gombe inavumilia mvua, sokwe masika hawatembei mbali sana, unaweza ukawapata vizuri tu ila unateleza na picha zinakua za giza. Mahale masika ni shida ya ziwa na njia. Katavi masika udongo wake mweusi unameza gari, usiende.

Sasa Katavi. Hii ni kwa ajili ya watu wa Tabora zaidi, na kwa familia. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,471, imekua hifadhi ya taifa tangu 1974, na bado watalii wanaoingia ni wachache mno ukilinganisha na kaskazini, unaweza ukazunguka asubuhi nzima usikutane na gari lingine. Kutoka Tabora una lami mpaka Mpanda, unapita Ipole na Koga, basi linatembea vizuri, au treni ya Mpanda inayokata kona Kaliua, haitembei kila siku kwa hiyo ulizia stesheni kwanza. Kutoka Kigoma mabasi yanapita Uvinza kwenda Mpanda. Kutoka Mpanda mpaka Sitalike, kwenye geti la hifadhi, ni kama kilomita 35, na pale Sitalike darajani viboko unawaona bila hata kuingia, wamelala kama mawe meusi na watu wanapita na baiskeli wanaenda zao sokoni.

Ukiingia mwezi wa tisa au wa kumi ndo utaona kitu. Mto Katuma unakauka unabaki madimbwi, na viboko wote wa mbuga wanakuja kujazana kwenye hayo madimbwi, mamia kwa mamia, mgongo kwa mgongo, maji yamegeuka uji wa tope na kinyesi, madume yanapigana mpaka damu, harufu unaisikia kabla hujafika. Mamba nao wanajichimbia mashimo kwenye kingo za mto, unaona pua tu na meno kwenye giza la shimo, wamerundikana humo wanasubiri mvua. Nyati wanatembea makundi makubwa kwenye mbuga za Katisunga na Chada, na simba wako nyuma yao. Pembeni ya ziwa Katavi kuna mkwaju ambao Wabende wanasema ndo makazi ya mzimu wa Katabi, watu bado wanaweka sadaka chini yake, ukifika hapo kua na heshima na usiguse kitu.

Ubaya wa Katavi ni mbung'o. Wanauma juu ya shati, wanafuata gari, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki au kijani iliyopauka na mikono mirefu. Na lazima muwe na gari, kama hamna mtakodi Mpanda au Sitalike na hiyo ndo gharama yenu kubwa, kama ilivyo boti kwa Mahale. Tofauti ni kwamba gari mnalikodi kwa siku na mnarudi kulala gesti Sitalike au Mpanda, kwa hiyo mnaweza mkasema tunataka siku moja tu. Mahale huwezi kusema siku moja.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Ugalla, kwa kua ndo iko kwao Tabora. Ilipandishwa kua hifadhi ya taifa mwaka 2019, kilomita za mraba 3,865, msitu wa miombo na mto wake, palahala na korongo, wale swala wakubwa wa pembe, wapo, na asali ya huko kila mtu anaijua. Lakini kwa safari ya kwanza ya kujilipia mwenyewe bado siwashauri, huduma za wageni ni chache na mtatumia nguvu nyingi kupanga. Nendeni Katavi kwanza.

Malazi na chakula. Gombe kuna nyumba za wageni za TANAPA pale Kasekela, Mahale wana banda zao Kasiha chini ya miti, zote mnabuki mapema na mnabeba chakula chenu kutoka Kigoma. Msiende na biskuti tu. Nunueni Mwanga sokoni unga, mchele, vitunguu, nyanya, mafuta, dagaa wakavu, na migebuka mtapata kwa wavuvi njiani. Gombe nyani wa ufukweni ni wezi wazoefu, mlango ukiachwa wazi dakika moja mkate umeenda, usile nje ukitembea na usiwacheke karibu, wana meno. Mahale mbebe na chakula cha siku moja ya ziada kwa ajili ya ziwa likichafuka, hili ndo jambo ambalo watu wanalidharau alafu wanashindia chai. Pawabenki ya simu, tochi, chandarua kama huna uhakika, dawa zako, na viatu vyenye meno, raba laini zitakuangusha kwenye majani ya Gombe.

Kuhusu watoto, sokwe wana sheria zao, watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata, na umri wa chini haufanani kati ya Gombe na Mahale, kwa hiyo unapobuki taja umri wa kila mtoto usije ukafika na mmoja akabaki kambini analia. Hii ndo sababu nasema wenye watoto wa shule ya msingi waende Katavi, mtoto ndani ya gari anaona twiga na kiboko na hana wa kumwambia nyamaza kila sekunde.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa mifano. Mwalimu wa Kasulu ana wikiendi ndefu na mke wake, Gombe kwa boti ya Kibirizi, waondoke Alhamisi walale usiku mbili warudi Jumamosi asubuhi, Jumapili wanapumzika. Kikundi cha wafanyakazi wa Kigoma mjini wanaochanga kila mwezi, Mahale, mwezi wa nane au wa tisa, boti ya kasi kwenda na kurudi, usiku tatu Kasiha na siku moja ya akiba ziwa likichafuka, siku mbili za sokwe kwa sababu siku ya kwanza mnaweza mkawakosa au mkawaona kwa mbali na ya pili ndo ikawa yenyewe. Mkitaka kupanda Nkungwe ongezeni angalau siku mbili na askari mwenye silaha, upande wa mashariki wa ile milima kuna simba na chui. Familia ya Tabora yenye gari, Katavi mwezi wa tisa, siku ya kwanza njiani mpaka Mpanda, mbili ndani ya hifadhi, moja ya kurudi. Na mtu wa Dar anayekuja na treni ya reli ya kati, ashuke Kigoma, apite Ujiji pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, alale, alafu kesho yake awe Kibirizi kabla ya saa sita mchana, maana ile boti ikishajaa haimsubiri mtu.